Uzamili wa Ng'ambo Haukufanyi Mhandisi

Pita katika ofisi za mawakala wa vyuo vya ng'ambo, katikati mwa Nairobi na kule Westlands. Utawakuta vijana waliohitimu uhandisi juzi wakiulizia uzamili. Nyumbani, mzazi keshaomba mkopo wa sacco au analitafutia shamba mnunuzi. Wote wameshika imani moja: bila shahada ya ng'ambo, kazi ya uhandisi haianzi.

Imani hiyo ilikuwa na mashiko mwaka 1959, Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege. Nafasi za chuo humu nchini zilikuwa haba mno. Leo uhandisi unasomwa Nairobi, Juja, Eldoret na Nyeri.

Tena sheria iko wazi. Sheria ya Wahandisi ya 2011 haimpi mtu hadhi ya mhandisi mtaalamu kwa cheti cha pili pekee. Inamtaka asajiliwe kama mhandisi mhitimu, apate uzoefu kazini, kisha atahiniwe.

Uzoefu huo uko Kileleshwa na Kilimani, ambako maghorofa yanaota kila uchao. Asubuhi ya kumwaga konkriti, kijana huchukua kopo la chuma la sentimita 30, pana chini na jembamba juu. Hulijaza kwa tabaka 3, kila tabaka akalidunga kwa ufito mara 25, kisha akalinyanyua kopo na kupima konkriti imeshuka kiasi gani. Ikiporomoka yote, huenda maji yamezidi, na ni lazima awe na ubavu wa kulirudisha lori la konkriti huku kontrakta akimfokea. Ubavu huo haupatikani darasani, liwe la London au la Juja.

Najua nitakavyojibiwa: kazi hakuna, na waajiri wanadai uzoefu. Kweli. Lakini atakayerudi na uzamili bila kukanyaga mjengo ataulizwa swali lilelile, na deni juu. Ujerumani imekuwa ikimtaka mwanafunzi aonyeshe euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Fedha hizo zingemlisha na kumlipia kodi Kangemi kwa miaka kadhaa, akijifunza kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa.

Nazo kampuni zinazomtumikisha mhitimu bila malipo zikome. Ndizo zinazowajazia mawakala wateja. Kijana aanzie mjengoni. Akishakumbana na tatizo ambalo hapa hana wa kumfundisha kulitatua, hapo ndipo apande ndege.