WARAKA KWA WANACHAMA: TUFUNGUE NJIA YA WAENDA KWA MIGUU

Kwa: Wakodishaji wote wa baiskeli na madereva wote wa bodaboda, Bariadi mjini, Maswa, Meatu, Itilima na Busega
Yah: Uegeshaji wa vyombo vyetu

Ndugu wanachama,

Msimu wa pamba ukifika, mji hujaa. Mkulima akishalipwa huja kununua bati na sare za watoto, anakodi baiskeli kwa saa, kisha anaiacha mlangoni mwa duka lolote. Sisi wenye baiskeli tukishapokea hela hatuulizi imeachwa wapi. Hilo ndilo ninalotaka tulikomeshe.

Mtu asiyeona hutanguliza fimbo nyeupe chini. Baiskeli ikiwa imekingama, fimbo hupita katikati ya magurudumu bila kugusa kitu, na usukani ndio unaompokea kifuani. Bodaboda iliyotoka safarini ni mbaya zaidi, ekzosi inamuunguza. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao Kanda ya Ziwa imeshawatendea maovu ya kutosha, wengi wana uoni hafifu. Jua la saa saba likiwapiga machoni, baiskeli nyeusi kwenye kivuli cha duka hawaioni kabisa. Naye wa kitimwendo, au wa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, akikuta njia imezibwa inambidi ashuke barabarani kwenye malori. Ukingo ukiwa mrefu hata kushuka hawezi. Anarudi alikotoka, na shida iliyomtoa nyumbani anarudi nayo.

Tusidhani ni watu wachache. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Na tangu 2010 tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kufika sokoni au hospitali ni haki yao, hawaombi hisani yetu.

Baiskeli ikikingamishwa inakula karibu mita 1.7 ya njia. Ikisimamishwa sambamba na ukingo inakula kama sentimita 60 tu. Kitimwendo kinahitaji walau sentimita 90 kupita. Kwa hiyo hakuna anayetakiwa kuhama kijiwe. Kazi iliyopo ni kugeuza baiskeli. Bodaboda nazo zisimame upande mmoja wa kijiwe, kwa mstari, nje ya njia ya miguu.

Tukipuuza, biashara yetu iko hatarini. Paris, wakazi walipiga kura Aprili 2023 kuhusu skuta za umeme za kukodi. Moja ya malalamiko makubwa ilikuwa kuachwa ovyo njiani. Karibu asilimia 90 ya waliopiga kura walizikataa, na ilipofika Septemba mosi zilikuwa zimeondolewa mjini. Biashara nzima ilikufa, na uegeshaji ulichangia.

Sisi tuna nguvu ambayo kampuni zile za skuta hazikuwa nayo: mteja tunamwona uso kwa uso. Kabla hujapokea hela, mwonyeshe namna ya kuegesha. Ukiwa umeshika kitambulisho chake, usikirudishe mpaka akuambie baiskeli aliiacha wapi alipokuwa dukani. Ukipita ukaona ya mwenzako imekingama, isogeze, usisubiri mwenyewe. Na mlioko karibu na Hospitali ya Somanda, anzeni leo, maana hapo ndipo wagonjwa na wenye magongo wanapita kutwa nzima.

Wenu katika kazi,
Katibu