KONA YA MWALIMU: Kabla ya kufunga sola juu ya nyumba

Wengi mmeniuliza swali moja: kufunga sola nyumbani kunaomba kibali ao hapana?

Kwa upande wa serikali, kibali kinamhusu zaidi fundi kuliko wewe mwenye taa mbili na redio. Hapa Rwanda kuna RURA, shirika linalosimamia umeme, maji na simu. Ndilo linatoa vibali kwa mafundi wa umeme. Fundi akija na ngazi na maneno matamu, mwombe karatasi yake. Mwenye nayo hatakasirika.

Lakini nyumba tunamolala si mali yetu. Kituo kiko chini ya wizara ya dharura, MINEMA, pamoja na HCR. Basi usipigilie hata msumari mmoja bila kupita kwa kiongozi wa mtaa wako, naye akufikishe ofisini. Na tena, shitingi ikitobolewa, mvua ya Gisenyi haitakuhurumia. Mti uliosimikwa vizuri kando ya nyumba unatosha kushika paneli ndogo, mahali pasipo na kivuli. Betri iwekwe pakavu, mbali na moto na godoro, na watoto wasiifungue.

Sasa tuje kwenye karatasi ambayo naiogopa kuliko zote: mkataba. Sola nyingi zinauzwa kidogo kidogo. Unatoa franga za kwanza, halafu unalipa kwa simu kila wiki ao kila mwezi. Siku ulizolipia zikiisha, taa zinajizima zenyewe mpaka ulipe tena. Mpaka malipo ya mwisho, chombo bado ni cha kampuni, huwezi kukiuza. Katika kambi za Kigeme, Nyabiheke na Gihembe, mradi wa HCR na Practical Action ulisaidia familia kununua sola kwa njia hiyo, na njia yenyewe si mbaya. Ubaya ni kutia kidole kwenye wino bila kujua umekubali nini.

Sisi wa Nkamira tuko njiani, hapa ni kituo cha kupita. Mwaka 2012 waliopita hapa walipelekwa Kigeme, wengine baadaye Mahama. Hata kambi ya kudumu inaweza kufungwa: watu wa Gihembe walihamishiwa Mahama mwaka 2021, kwa sababu udongo wa mlima ule ulikuwa unabomoka. Ukitia sahihi mkataba wa miaka mitatu na kesho lori linakuja, utafanya nini? Uliza mbele ya shahidi: nikihamishwa, chombo naenda nacho? Huko ninakokwenda mna fundi? Nikishindwa kulipa, franga nilizokwisha kutoa zinarudi ao zimepotea? Jibu liandikwe, la mdomo halina kazi.

Tazama pia jina. Kama simu unayolipia ni ya jirani, malipo yote yanaonekana ni yake. Akihama yeye, utabaki na maneno tu. Mkataba uwe kwa jina lako kama lilivyo kwenye karatasi yako ya HCR, herufi kwa herufi, na risiti zote zitunzwe pamoja nayo.

Mwenye mkataba wa Kiingereza ao Kinyarwanda asioufahamu, aulete darasani Jumamosi baada ya masomo, tuusome pamoja. Lakini mama na baba, uje kabla ya kutia sahihi.