Nimelala gesti Dodoma, na nitalala tena

Haya wadau, nimerudi. Dodoma nimefika, shida iliyonipeleka imekwisha, na habari za vimbweta nimeshazipata hata kabla sijashusha begi. Eti mimi nimeonekana asubuhi natoka gesti Nzuguni. Eti "kumbe yule dada wa Ualimu ndo zake hizo". Mwingine akaongeza kwamba nilikuwa na mzee mwenye gari. Gari lenyewe lilikuwa daladala, ndugu zangu, na tulikuwa humo watu kama thelathini.

Sasa kwa kuwa mmeshaongea vya kutosha, leo naongea mimi. Ni kweli, nililala gesti. Nililipa 20,000 kwa pesa yangu, nikaandika jina langu kamili kwenye kitabu cha wageni pamoja na namba ya kitambulisho cha chuo, nikafunga mlango, nikalala kama mtoto. Na nasema bila kupepesa macho: msichana mwanafunzi akienda mji mkuu kwa shida yake, achague mahali pa kulala kwa kuangalia mambo mawili, mlango unaofungwa na umbali wa anakokwenda. Midomo ya watu isiwe la tatu.

Nianze mwanzo ili tuelewane. Kuna wanaouliza "kwani Dodoma mnafuata nini kila siku?" Jamani, serikali iko kule! TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, ikapita zaidi ya miaka arobaini ya nenda rudi, mpaka Julai 2016 hayati Magufuli alipotangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, na mwaka 2018 ikatungwa sheria kabisa. Wizara zikajengewa Mji wa Serikali pale Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji, barabara ya kwenda Dar. Mwenye shida ya vyeti, ya majina, ya barua fulani, safari yake inaishia huko. Mimi jina langu la katikati liliandikwa vingine kwenye cheti kimoja, herufi moja tu, na herufi hiyo imenipeleka Dodoma mara mbili. Wenzetu wa Dar tangu 2024 wana treni ya SGR, wanafika kwa saa chache. Sisi wa Iringa ni basi kupitia Mtera, kilomita kama 260, na ofisi inataka uwe mlangoni asubuhi. Kwa hiyo lazima ulale.

Safari ya kwanza nililala kwa ndugu. Mama alisema "una mama yako mkubwa Nkuhungu, utalalaje gesti kama mtu asiye na kwao?" Nikatii. Na niseme mapema, mama mkubwa ni mtu mwema sana, alinipokea kwa mikono miwili, ugali na mlenda na kuku akachinjwa. Sina neno juu yake. Lakini wema wake haukuongeza vyumba. Nyumba ina vyumba viwili na sebule, watu saba. Nilitandikiwa godoro sebuleni pamoja na watoto watatu. Sebuleni ndipo kwenye tivii, na mpira haukwisha mpaka usiku mkubwa, kwa hiyo mgeni analala pale wenye nyumba wanapoamua kulala.

Asubuhi sasa. Hakuna aliyeniambia nifanye kazi. Lakini nyie wasichana wenzangu mnajua, hakuna haja ya kuambiwa. Mtoto wa kike hawezi kutoka nyumba ya watu asubuhi ameacha vyombo vichafu na uwanja haujafagiwa, akirudi kwao jina limeshatangulia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa siku ya kwanza, na nililishika mwenyewe. Saa 11 alfajiri niko macho, nachota maji, nafagia, naosha vyombo, nawavalisha watoto. Ndipo nakumbuka kwamba nilikuja kushughulikia cheti.

Halafu angalia jiografia. Stendi kuu ya mabasi iko Nanenane, Nzuguni, upande wa barabara ya Dar. Mtumba iko mbele yake, barabara hiyo hiyo. Nkuhungu iko upande wa pili wa mji! Yaani nilishuka kwenye basi nikiwa tayari nimeelekea ninakotaka kwenda, nikageuka, nikavuka mji mzima kwenda kulala, na asubuhi nikavuka tena mji mzima kurudi, daladala mbili na vumbi lake. Siku ya kwanza nilifika ofisini saa 4 na nusu, namba zimeisha, njoo kesho. Siku ya pili nikafika saa 3, nikakaa mpaka mchana, nikaambiwa karatasi moja haijagongwa muhuri, njoo kesho. Siku ya tatu wakapokea. Usiku tatu kwa kazi ya asubuhi moja, na siku hiyo ya tatu huku chuoni mlikuwa mnafanya testi ya Saikolojia bila mimi.

Hapo nimesimulia yale yanayosimulika. Lipo jingine, na nimefikiria sana kama niliandike.

Kwenye nyumba ile alikuwapo kaka mmoja, ndugu wa upande wa baba mkubwa, analala chumba cha uani, naye amekuja mjini kutafuta kazi. Usiku wa kwanza aliingia sebuleni taa zimezimwa, akasema anatafuta chaja. Usiku wa pili akaja tena, chaja ile ile. Usiku wa tatu hakusema anatafuta nini, alikaa kwenye ukingo wa godoro akaweka mkono juu ya shuka. Nikaganda. Mtoto mdogo akaamka akaomba maji, nami nikainuka haraka nikawasha taa nikampa maji, nikakaa na taa inawaka mpaka alfajiri. Basi. Ndivyo ilivyoishia, namshukuru Mungu na yule mtoto.

Sikumwambia mama mkubwa. Ningemwambiaje? Nimekula chakula chake siku tatu halafu niwashe moto kwenye nyumba yake? Na ningeambiwa nini, kama si "labda umeota" au "ulikuwa umevaaje"? Sebule haina mlango wa kufunga, wadau. Ndugu wakikupa sebule wamekupa walichonacho, lakini sebule haina komeo.

Sasa niambieni nyie wa vimbweta. Sebule ile kila mtu anaiona ni mahali pa heshima kwa msichana kulala. Chumba cha gesti chenye komeo kwa ndani, na dada wa mapokezi anayekesha, ndicho mnakiita mahali pa aibu. Heshima hiyo mnaipima kwa kipimo gani?

Najua mtakachosema. La kwanza, pesa. Gesti ni ya wenye nazo, mwanafunzi wa bumu aende kwa ndugu. Haya, tupige hesabu, si tunafundishwa kupiga hesabu? Safari ya kwanza huwezi kwenda mikono mitupu, nilinunua sukari, mafuta, sabuni na mkate, 17,000. Daladala na bodaboda za kuvuka mji siku zile zote, 12,000. Kuondoka lazima uwaachie watoto chochote, 5,000. Jumla 34,000, na testi juu. Safari ya pili chumba 20,000, chakula 7,000, daladala 2,000. Jumla 29,000. Niliingia Dodoma alasiri, saa 1 na nusu asubuhi niko kwenye foleni Mtumba mtu wa pili, saa 4 nimemaliza, mchana niko kwenye basi. Sikatai kwamba 20,000 ni pesa nyingi. Ni bumu la siku mbili, kwa ile 10,000 ya chakula na malazi tuliyoongezewa kutoka 8,500 mwaka 2022. Wapo wasiopata bumu kabisa, na kwao huenda kwa ndugu ndiko pekee. Siwasemi hao. Ila tuache kusema kwa ndugu ni bure. Anayelala analipa, na mwenye nyumba analipa zaidi, maana kuku yule hakuokotwa.

La pili, undugu. Eti tunakuwa wazungu, tunakimbia ndugu. Si kweli. Dodoma ya leo siyo ya zamani. Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu karibu 411,000, sensa ya 2022 wakawa zaidi ya 765,000. Kila familia iliyohamia na kila aliyekuwapo tangu zamani amekuwa hosteli ya ukoo mzima. Leo anakuja wa vyeti, kesho wa usaili, keshokutwa wa kesi. Safari ya pili nilimpigia mama mkubwa nikamwambia nimelala karibu na ofisi kwa sababu ya kuwahi, nikimaliza mapema nitapita kumsalimia, ila basi likaniwahi tukaishia kuongea kwenye simu. Mnajua alisema nini? "Afadhali mwanangu, hapa leo wapo wageni wengine wanne." Sikusikia kinyongo hata kidogo, nilisikia mtu anapumua.

La tatu ndilo lenyewe, nalo mnalisema pembeni: msichana wa gesti ni msichana wa namna gani. Hapa nawauliza kaka zangu. Mwaka jana mlikwenda Dodoma kwenye mdahalo, watu kumi na mbili, mkalala gesti mbili usiku mbili, mkarudi na picha. Nani aliwauliza mlilala na nani? Dada wa mapokezi aliniuliza mimi, "uko peke yako au mwenzako anakuja?" Nikamjibu nipo na cheti changu. Akacheka, akanipa chumba cha karibu na mapokezi. Nyie mnapewa ufunguo tu. Kitanda kile kile, bei ile ile.

Na sisi ni watu wa Ualimu, tusijisahau. Mungu akijalia tukaajiriwa, utapangiwa halmashauri hujawahi kuisikia, hakuna mama mkubwa wala shangazi, utashuka na begi jioni na usiku wako wa kwanza wa ualimu utalala gesti. Dada, utarudi Iringa kwa sababu ya aibu? Na mwanafunzi wako wa kidato cha tatu akija kukuambia kuna mtu anaingia sebuleni anatafuta chaja, utamjibu nini kama leo tunafundishana kwamba kwa ndugu ndiko salama siku zote?

Kwa dada zangu, haya niliyojifunza, chukueni yanayofaa. Jua kwanza unakokwenda asubuhi, ndipo uchague upande wa mji wa kulala. Ukiwa na kazi Mtumba usidanganywe na sifa za katikati ya mji. Kazi ikiwa mjini, basi lala mjini, na hosteli za makanisa ulizia, ni tulivu. Ingia mchana, tazama chumba KABLA hujalipa, jaribu komeo kwa mkono wako, fungua bomba uone kama maji yapo. Gesti iliyo juu ya baa achana nayo. Dai risiti. Mtumie rafiki jina la gesti na namba ya chumba. Na kuanzia Aprili mpaka Juni wakati wa Bunge la bajeti piga simu mapema, vyumba vinajaa na bei zinapanda.

Na kwa serikali yetu ya wanafunzi, badala ya kutuletea msanii kila muhula, kwa nini msikubaliane na wenzenu wa vyuo vya Dodoma, mwanafunzi mwenye barua apate kitanda cha usiku mmoja kwa bei ya mwanafunzi? Wao pia huja Iringa. Ni jambo la kikao kimoja.

Nimalizie na mama. Usiku ule wa gesti alinipigia nikamwambia ukweli nilipo. Akanyamaza. Akasema, "watu watasema nini?" Ndipo nikamsimulia habari ya sebule na chaja, kwa mara ya kwanza. Akanyamaza tena, muda mrefu, nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza, "huo mlango una komeo?" Nikamwambia linalo, mama. Akasema, "lifunge. Halafu ulale."

Swali hilo ndilo ningetaka na nyie mniulize mkinikuta kimbwetani kesho. Mwenye swali jingine aje nalo usoni, nipo.

Ni hayo tu kwa leo. Anayo notsi za testi ya Saikolojia aniazime, tafadhali.