Setilaiti haitatupimia visima vya Kajiado

Mnamo Septemba 2025 wanasayansi walitangaza kuwa wamegundua maziwa 85 yaliyojificha chini ya barafu ya Antaktika. Hakuna aliyeyaona kwa macho. Yalitambuliwa kutokana na vipimo vya miaka kumi, tangu 2010 hadi 2020, vilivyochukuliwa na setilaiti ya Ulaya iitwayo CryoSat. Chombo hicho hutuma mawimbi ya rada kutoka angani, kikahesabu muda yanaochukua kurudi, na kwa njia hiyo kikajua kimo cha uso wa barafu. Ziwa la chini likijaa, barafu iliyo juu yake huinuka kidogo. Maji yakitoroka, barafu hudidimia. Basi kinachopimwa si ziwa lenyewe bali ni dalili yake.

Mkazi wa Kitengela aliyesoma habari hiyo huku akisubiri boza la maji langoni ana haki ya kuuliza: ikiwa ziwa lililofunikwa na barafu nene hivyo linaweza kufichuliwa, mbona hatuonyeshwi maji yaliyo chini ya uwanda wa Athi na Kapiti? Swali hili si la kipuuzi, na walimu wa jiografia bila shaka wamekwisha kulisikia darasani.

Tofauti ya kwanza ni kwamba chini ya Kitengela hakuna ziwa. Maji yamo katika nyufa na vinyweleo vya miamba, aghalabu ya volkeno, mithili ya maji yaliyonyweshwa sifongo. Mwamba wa namna hiyo hauinuki na kushuka kama barafu inayoelea juu ya maji. Tofauti ya pili ni ya ukubwa. Ziko setilaiti zinazopima maji ya ardhini kwa njia ya uzito: jozi iitwayo GRACE, iliyorushwa mwaka wa 2002 na kufanya kazi hadi 2017, na jozi iliyoirithi mwaka wa 2018. Vyombo viwili hufuatana angani kwa umbali wa kilomita 220 hivi, na umbali huo hubadilika kwa kiasi kidogo mno vinapopita juu ya mahali penye uzito zaidi, kama vile palipojaa maji. Lakini macho yake ni ya jumla. Huona eneo lenye upana wa kilomita mia kadhaa, ilhali kaunti nzima ya Kajiado ina kilomita za mraba zipatazo 21,900. Zinaweza kutuambia kwamba Afrika Mashariki imepoteza maji katika kipindi cha ukame. Haziwezi kutuambia kisima cha shule fulani kimeshuka mita ngapi.

Yaliyotokea Turkana yafaa kukumbukwa hapa. Septemba 2013 serikali ya Kenya na shirika la UNESCO zilitangaza kwamba maji mengi ajabu yamegunduliwa chini ya bonde la Lotikipi. Uchunguzi ulichanganya picha za rada za setilaiti na elimu ya miamba, na uchimbaji ukathibitisha kwamba maji yapo. Kiasi kilichotajwa kilikuwa mita za ujazo zipatazo bilioni 200. Magazeti yakapiga hesabu ya miaka ambayo Kenya nzima ingekunywa. Miaka miwili baadaye vipimo vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi iliyozidi kiwango cha kunyweka. Rada haionji. Ilikuwa imesema kweli kuhusu kuwapo kwa maji, nasi tukaongeza utamu kwa vinywa vyetu.

Mimi si mtaalamu wa miamba. Kazi yangu ni lugha, na naona kwamba sehemu ya kosa lile ilikuwa ya lugha. Wengine walinena juu ya “ziwa” chini ya jangwa. Neno ziwa humletea msikilizaji picha ya maji yaliyo wazi, yanayotekwa kwa ndoo na kujazwa tena na mito. Tabaka la mwamba lenye kushika maji ni kitu kingine: huenda lilijazwa karne nyingi zilizopita, na pengine hujazwa polepole kuliko tunavyoteka. Kiswahili hakijatulia juu ya neno moja la kulitaja ambalo kila mwalimu angelitumia bila kulifafanua. Wamaasai, wenyeji wa nyanda hizi, walikuwa waangalifu zaidi. Jina la Kajiado lasemwa kutokana na Olkejuado, yaani mto mrefu. Si mto unaojaa mwaka mzima, na wafugaji hawakudanganywa na jina: wakati wa kiangazi watu hufukua mchanga wa mito ya namna hiyo mpaka maji yatokeze, wakayaonja kabla ya kuwanywesha ng'ombe.

Hali ya Kitengela yataka uangalifu huo huo. Katika sensa ya 2019 mji ulikuwa na watu zaidi ya 150,000, mahali ambapo kizazi kimoja nyuma palikuwa malisho. Bomba la Nolturesh, liletalo maji kutoka chemchemi za chini ya Kilimanjaro karibu na Loitokitok, lina miji mingine mingi ya kuhudumia njiani. Kwa hiyo kila mwenye kiwanja na uwezo huchimba. Jirani naye huchimba, akishuka mita kadhaa zaidi. Isitoshe, maji ya miamba ya volkeno mara nyingi huwa na floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto wetu yenye madoa ya kahawia yanashuhudia hayo bila rada yoyote.

Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016 hakuna ruhusa ya kuchimba kisima bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kibali hicho hutolewa kwa kisima kimojakimoja, ilhali maji ya chini hayajui mpaka wa kiwanja. Tunachohitaji ni kumbukumbu ya visima vyote, kina chake, floraidi yake, na kimo cha maji kila mwezi, iwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma kabla ya kununua ploti.

Shule nyingi za hapa zina kisima chao. Kamba iliyotiwa alama za mita, kizito kidogo cha kuifanya izame, na daftari la darasa la jiografia vyatosha kuanzia. Pampu izimwe usiku, maji yatulie, kipimo kichukuliwe alfajiri kabla ya kuwashwa tena. Shule kumi zikifanya hivyo kuanzia Kitengela hadi Isinya, zitajua katika miaka mitatu jambo ambalo jozi ya setilaiti haiwezi kuziambia.