Straika Akianguka Uwanjani Salama, Nani Anajua cha Kufanya?

Wasee, swali moja kabla ya mechi ya Jumapili. Hapo Salama, ile ya Mombasa Road, straika akianguka ghafla na hakuna mtu amemgusa, nani kati yenu anajua cha kufanya? Wengi wataita boda. Wengine watammwagia maji. Kuna mmoja atasema ni njaa. Na dakika zinayoyoma.

Hii kitu hutokea hata kwa wale walipwao mamilioni. Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, wakicheza na Colombia. Jamaa alikuwa na miaka 28, fiti kabisa, msimu huo alikuwa Man City. Hakuamka. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao huwezi kuuona kwa macho.

Sasa mcheki Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa. Machi 17, 2012, akichezea Bolton dhidi ya Tottenham, moyo wake ulisimama kwa dakika 78. Lakini yuko hai. Madaktari walianza kumkandamiza kifua papo hapo, mashine ya kushtua moyo ilikuwepo, na daktari wa moyo aliyekuja tu kutazama mechi akashuka kutoka kwa mashabiki kusaidia. Mpira aliuacha, uhai akabaki nao.

Si bahati tu hiyo. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada inapunguza nafasi ya kupona kwa karibu asilimia 10. Piga hesabu: boda ikichukua robo saa kufika hospitali, na hakuna mtu amegusa kifua cha huyo msee, unapeleka nini huko?

Shida ya pili ni sisi wenyewe. Dogo anasikia kifua kikibana, anaona kizunguzungu akikimbia, lakini ananyamaza. Amesikia kuna kocha anakuja kutoka Nairobi, hataki kukaa benchi. Ndoto yake ndiyo inamfunga mdomo.

Mwambie kuhusu Kanu. Mwaka 1996, akiwa ametoka kushinda dhahabu ya Olimpiki na Nigeria, madaktari wa Inter Milan waligundua vali ya moyo wake ina kasoro. Alifanyiwa upasuaji Marekani, akarudi, akang'aa Arsenal, na mwaka 2010 bado alikuwa Kombe la Dunia. Kupimwa hakukuua ndoto yake.

Lakini tusidanganyane, kuna wakati daktari atasema acha. Raphael Dwamena wa Ghana alijua moyo wake una shida, akaendelea kucheza. Novemba 2023 alianguka kwenye mechi Albania, akafariki akiwa na miaka 28. Inauma kuacha mpira ukiwa na hiyo talanta. Kuzika kijana kunauma zaidi.

Kwa hivyo, ukizimia ukikimbia, kifua kikiuma mazoezini, au moyo ukidunda ovyo, usicheze. Nenda ukapimwe ECG. Haina maumivu, ni dakika chache tu. Koo ya mtoto ikiuma sana, mpeleke hospitali, kwa sababu kuna bakteria za koo ambazo zisipotibiwa huweza kuharibu vali za moyo baadaye. Na kama kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana, matangani wakasema amerogwa, mwambie daktari hiyo stori pia. Magonjwa mengine ya moyo hurithiwa.

Na timu nazo? Tunachanga doo ya jezi kila msimu. Tuchange pia ya kumleta muuguzi siku moja atufunze: mtu ameanguka, hajibu, hapumui vizuri, mmoja anapiga simu, mwingine anaweka mikono katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike.

Jumapili, kabla refa hajapuliza filimbi, ulizaneni tu: leo nani anajua?