Programu ya Bure Inasingiziwa

Mwandishi wa toleo lililopita anadai kwamba picha tuli yenye sehemu moja tu inayocheza haiwezi kutoka safi bila programu ya kulipia. Si kweli. Wasanii Jamie Beck na Kevin Burg walipoipa sanaa hii umaarufu mwaka 2011, msingi ulikuwa kamera isiyotikisika. Yanayobaki hufanywa na programu za bure: FFmpeg huigawa video kuwa fremu. GIMP huzipanga kwa tabaka, na barakoa huachia, tuseme, mvuke wa chai pekee usogee. Na picha ikiruka kila mzunguko wake unapoanza upya? Yeyusha fremu za mwisho ndani ya zile za mwanzo. Rangi zikichakaa, lilaumiwe umbizo la GIF, linalobeba rangi 256 tu kwa kila fremu, hata ulipe mamilioni. Kabla ya kununua leseni, anunue tripodi.