Homoni ya kiume yashindwa kushusha sukari

Ni jambo lisilo na ubishi miongoni mwa madaktari kuwa wanaume wengi wenye kisukari cha aina ya pili, hasa wenye vitambi, wana upungufu wa homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Linalobishaniwa ni iwapo kuwaongezea homoni hiyo kunashusha sukari.

Mwaka 2021 ilielekea kuwa jibu limepatikana. Watafiti wa Australia, wakiongozwa na Profesa Gary Wittert wa Chuo Kikuu cha Adelaide, waliwafuatilia wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, wenye viuno vipana na sukari iliyoanza kupanda. Wote waliwekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Nusu yao wakadungwa testosteroni na wengine sindano isiyo na dawa. Baada ya miaka miwili, asilimia 12 ya waliopata homoni walikuwa na sukari ya kiwango cha kisukari, ikilinganishwa na asilimia 21 ya wenzao.

Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, ingawa zaidi ya mmoja kati ya kila watano waliodungwa homoni damu yao ilikuwa nzito kupita kiwango cha tahadhari.

Kisha ukaja utafiti wa Marekani uitwao TRAVERSE, uliohusisha wanaume zaidi ya 5,000 wenye testosteroni pungufu na maradhi ya moyo au hatari ya kuyapata. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa jeli ya homoni haikuongeza mshtuko wa moyo wala kiharusi, hofu iliyokuwapo kwa miaka mingi. Lakini uchambuzi wa mwaka 2024 ulibaini kuwa haikuwazuia walio ukingoni kuugua kisukari, wala haikuwapa nafuu ya sukari waliokwisha kuugua. Waliovunjika mifupa nao waliongezeka.

Tofauti kubwa ni kwamba wanaume wa TRAVERSE hawakuwekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Mafuta ya tumboni yenyewe hushusha testosteroni, na mwanamume akipungua uzito homoni hiyo hupanda bila sindano.

Tiba hii bado ina nafasi kwa mwenye dalili, kama kupotewa na hamu ya tendo la ndoa, ambaye vipimo vya asubuhi, zaidi ya kimoja, vimethibitisha upungufu. Anayetarajia watoto hapaswi kuigusa, kwani hupunguza mbegu za kiume, wakati mwingine zikakauka kabisa.